Amana Isiyorudishwa

Mtu akikuwekea kitu chake, mapokeo ya Kiislamu ya pwani yetu yanakuamuru mambo mawili: ukihifadhi ipasavyo, na umrudishie mwenyewe atakapokitaka. Kikipotea bila uzembe wako, hulipi; kikipotea kwa uzembe, unalipa. Hukumu hii haina utata pindi amana inapokuwa kidani cha dhahabu au gunia la mchele. Inatuagiza nini amana inapokuwa sauti ya bibi iliyohifadhiwa katika seva, nayo seva imewekwa kwenye chumba cha kufulia cha nyumba moja ya Quakers Hill, magharibi mwa Sydney?

Nyumba hiyo ni yangu na seva naitunza mimi. Imebeba hadithi, nyimbo za harusi na mazungumzo tuliyoyarekodi kwa wazee wetu waliohamia huku. Wanaosikiliza zaidi ni jamaa zao walioko Unguja, Mombasa na Bukavu.

Kazi yenyewe haina utukufu wowote. Cheti cha usalama kitolewacho bure kimezoeleka kudumu siku 90. Kisipohuishwa, kivinjari kinamwonya msikilizaji kwamba anaingia mahali pa hatari, naye, kwa haki kabisa, anaondoka. Programu moja inasasishwa, na nyingine inayoitegemea inagoma. Diski inajaa, na haichagui saa ya kujaa. Katika kiangazi cha huku tuko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 8, hivyo watu wa Mombasa wanapomaliza sala ya Isha na kuketi kusikiliza, kwetu inakaribia saa kumi za usiku. Kiangazi hicho nacho kina mambo yake. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, ambako si mbali nasi, kipimajoto kilifika nyuzi 48.9, na joto la namna hiyo haliulizi mashine imebeba sauti ya nani.

Kwa nini basi nisiyakabidhi yote haya kwa kampuni kubwa? Swali hili ni zito kuliko wapenzi wa seva za nyumbani wanavyokubali. Kampuni ina walinzi wa usiku. Mimi nina saa ya kuniamsha. Hata hivyo kampuni huhifadhi kwa mkataba, na mkataba huvunjwa kwa taarifa. Yahoo ilipoifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za watu wasiohesabika ziliondolewa, na hakuna aliyedai kwamba amana imeliwa, kwa sababu hapakuwa na amana. Palikuwa na masharti ya matumizi.

Lakini madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, yana kauli nyingine inayonisumbua zaidi: asiyeweza kuhifadhi amana ameharamishiwa kuipokea. Nani awezaye kuhifadhi seva? Mwaka mmoja, labda. Miaka kumi, kwa jasho. Baada ya hapo mwili unachoka, au mtunzaji anakufa na nywila zake. Njia iliyobaki ni kugawana utunzaji na wengine.

Hapo napo pana mtego. XZ Utils ni programu huria ya kubana mafaili, inayotumika katika seva nyingi za Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Ufini. Mwaka 2022, alipolaumiwa kwa kuchelewa, alieleza kwamba nguvu zake zilikuwa chache na kwamba ile ilikuwa kazi ya kujitolea isiyo na ujira. Msaidizi aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshajitokeza. Alifanya kazi kwa adabu na bidii, akaaminiwa, akapewa funguo, na mapema mwaka 2024 mlango wa siri ukapenyezwa katika matoleo mapya. Uligunduliwa mwezi Machi na Andres Freund, mhandisi aliyeshangaa kuona kuingia kwenye seva kukichelewa kwa takriban nusu sekunde.

Wengi wanakisimulia kisa hiki kama kisa cha ujasusi. Mimi naona ndani yake mlinzi aliyeachwa peke yake na wote waliolala salama nyuma ya lango lake. Baadhi ya waliomlaumu huenda walikuwa washirika wa mgeni yule. Waliobaki, yaani sisi, hatukuwahi hata kuuliza lango linalindwa na nani. Simwoni Collin kuwa mzembe. Alipozidiwa alisema, na aliyeitika alikuwa mwizi.

Kwa hiyo nimeanza kuzirudisha amana kwa wenyewe. Kila familia tuliyoirekodi naipelekea nakala katika diski ndogo, pamoja na maelezo ya Kiswahili ya namna ya kuifungua. Wengine wanaiweka kabatini pamoja na pasipoti. Bibi mmoja wa Unguja aliigeuzageuza mkononi, kisha akanirudishia. “Mwanangu, kaa nayo wewe,” aliniambia. “Kwangu itapotea.”

Diski yake iko mezani kwangu, na bado sijapata jibu la kumpa.