Msiutegemee Mtindi

Wanangu mnaoendesha bodaboda na mnaobeba magunia sokoni, nina neno nanyi. Jioni nawaona kwenye duka la dawa, mgongo umekaza, mnanunua diklofenaki na ibuprofeni ya akiba. Kisha mnapitia pakiti ya mtindi, mkiambiana kwamba ndiyo kinga ya tumbo. Aliyewaambia hivyo kawapa nusu ya habari.

Dawa hizi hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwingereza John Vane alilionyesha hilo mwaka 1971, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Shida ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi. Na sindano ya dawa hizi isikudanganye: dawa ikishaingia kwenye damu, madhara yake tumboni ni yaleyale. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, hulilinda tumbo, lakini utumbo mwembamba ulio chini yake hubaki bila ulinzi, ukachubuka.

Turudi kwenye mtindi: bakteria wema wanaweza kusaidia, nami nalifurahia hilo. Katika utafiti wa Ireland uliochapishwa mwaka 2019, watu wenye afya walipewa aspirini kwa wiki 6. Waliomeza pia bakteria aina ya Bifidobacterium breve walichubuka utumbo mwembamba kidogo kuliko wenzao. Ila ile ni aina moja iliyoteuliwa, kwa kipimo maalumu, kila siku. Mtindi wa dukani haujapimwa hivyo, na mwingine hupashwa moto baada ya kuganda, bakteria wakafa wote. Kunyweni maziwa mgando, kunyweni togwa, ni chakula kizuri. Msiyafanye ruhusa ya kumeza vidonge kila jioni.

Ninachokihofia zaidi ni hiki: kidonda cha dawa hizi mara nyingi hakiumi, maana dawa yenyewe imeyafunika maumivu. Kijana anapiga kazi kama kawaida huku anavuja damu ndani kwa ndani.

Diklofenaki na ibuprofeni ni za ukoo mmoja, msizichanganye, wala msizishushie pombe. Anzeni na parasetamoli, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Mgongo usipopoa baada ya siku chache, nenda ukapimwe. Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami, au kizunguzungu kila unaposimama, usisubiri kukuche. Wahi hospitali, na umtajie daktari kila kidonge ulichomeza.