Wakili na Neno la Mwingine

Kijana atakaye kuwa wakili aghalabu huuliza habari za masomo, mitihani na mapato. Maswali hayo ni halali, na majibu yake yapo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sheria mwaka 1961. Siku hizi, baada ya shahada, mwanafunzi hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo aombe kuandikishwa. Lakini liko swali moja litanguliayo hayo yote: je, mtu aweza kulichukua neno la mwenziwe mpaka mbele ya hakimu bila kuligeuza njiani?

Tutwae mfano. Mjane aja ofisini, asema, "Shamba hili nilipewa na shemeji yangu." Huenda alipewa liwe lake daima. Huenda alipewa alime mpaka wanawe wakue. Au huenda lilikuwa fungu la marehemu mumewe, na kama ndivyo, shemeji hakutoa kitu chake, bali alirudisha cha watu. Kiswahili chazivumilia maana zote hizi katika kitenzi kimoja. Sheria haizivumilii, kwani zawadi, ruhusa ya kulima na urithi ni mambo mbalimbali. Wakili ashikapo kalamu hana budi kuchagua, na aliyesomea sheria kwa Kiingereza huchagua mara mbili: kwanza maana, kisha tafsiri yake. Mkalimani wa mahakamani huapishwa kabla hajafungua kinywa. Wakili afasiriye peke yake mezani, kwa kazi hiyo hakuna aliyemwapisha.

Hapo ndipo penye mtihani wa dhamiri, maana mara nyingi yeye ajua ni maana ipi itakayoshinda. Wapo wasemao kwamba kazi yake ni kumtetea mteja. Upande wa pili nao utachagua maana yake, na hakimu atapima. Hoja hii ina nguvu katika jinai: amteteaye mshtakiwa hasemi uongo asemapo kwamba kosa halikuthibitishwa, maana mzigo wa kuthibitisha ni wa mashtaka. Lakini kumtia mjane maneno kinywani ni jambo jingine kabisa. Neno wakili, tulilolipata katika Kiarabu, ni la mtu aliyekabidhiwa jambo la mwingine. Afadhali shauri dhaifu lililo la mjane kuliko shauri imara lililo la wakili. Siku ya kuhojiwa atakayesimama kizimbani ni mjane.

Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza chaweza kutumiwa pale haki idaipo hivyo. Mwalimu wa Kiswahili hana budi kufurahi. Walakini "nilipewa" ingali na maana zake zote, na sasa hatari yajificha zaidi, kwa kuwa hapana tafsiri ya kumshtua mtu.

Basi ajiandaaye na akakae benchi la nyuma katika Mahakama ya Mwanzo, ambako watu husema Kiswahili chao, na ambako kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Asikilize jinsi hakimu mzuri aulizavyo: "Alikupa vipi? Nani alikuwapo? Alisema maneno gani?" Kisha ajizoeze kuandika maneno ya mtu kama yalivyotoka, na kumsomea mwenyewe kabla ya kuyapa jina la kisheria. Mjane akisema, "Sivyo, aliniambia nilime tu," karatasi ile ichanwe, ianzwe nyingine.