Nani Alikuomba Umtoe Hapo?

Kwenye programu ya DaVinci Resolve kuna kifaa kinachoitwa Magic Mask. Unachora mstari mfupi juu ya mtu aliye kwenye video, unabofya, na akili unde inamfuata fremu baada ya fremu: kichwa, mikono, leso, mpaka atoke kwenye picha. Kuanzia hapo, mtu na mahali pake ni vitu viwili. Unaweza kumwangaza yeye na kuzima kila kitu nyuma yake. Kwa sisi tunaorekebisha rangi za video, kazi tunayoiita kugredi, hiki kifaa ni raha tupu. Nakitumia karibu kila wiki. Ila kuna swali kinalolitupa mezani na kompyuta hailijibu: nani ana haki ya kumtenganisha mtu na mahali pake?

Zamani swali hilo lilijibiwa na uchovu. Video zetu nyingi huwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hivyo sekunde 10 ni fremu 250. Kumzungushia mtu mstari kwa mkono, ukisahihisha kila anapogeuka, ni kazi ya kukumaliza. Kabla ya kuanza ulijiuliza: kwani ni lazima? Mara nyingi haikuwa lazima. Sasa ni shughuli ya dakika chache. Mteja akisema "huyu mama mfanye atokeze", huwezi tena kujificha nyuma ya "haiwezekani". Ukikataa, itabidi useme kwa nini.

Fikiria video za aina tunayoiona kila siku: shirika linachangisha pesa, na mhusika ni mama mboga. Kibanda chake ni cha mabati yaliyopakwa kijani cha kampuni ya simu. Mbele yake nyanya zimepangwa mafungu mafungu. Maagizo ya mteja ni mafupi: uso ung'ae, kibanda kipauke, paonekane pa shida. Si jambo geni. Steven Soderbergh alilifanya kwa nchi nzima kwenye filamu ya Traffic (2000): Mexico ikawa manjano iliyoungua, Ohio ikawa samawati.

Tatizo la kwanza ni la mwanga wenyewe. Mwanga unaouona usoni mwa mtu umekopwa kwa vitu vilivyo karibu naye. Wekundu wa nyanya unapanda hadi kidevuni. Kijani cha mabati kinagusa shavu. Ukikipausha kibanda na kuuacha uso, uso unabaki na deni la mahali pasipokuwepo tena. Mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kukitaja. Wahenga walisema mtu ni watu. Kwenye skrini, mtu pia ni mabati na nyanya.

Tatizo la pili ni ngozi. Kwenye vektaskopu, ile chati inayoonyesha rangi zilizo kwenye picha, kuna mstari wa ngozi, kati ya nyekundu na manjano. Ngozi za binadamu, nyeusi kwa nyeupe, huangukia karibu na mstari huohuo. Kinachotofautiana zaidi ni mwangaza. Kwa hivyo mteja akisema "rekebisha ngozi", na mama yuko palepale kwenye mstari, anachoomba ni mwangaza zaidi. Wakati mwingine ni sawa kabisa: kamera ilimnyima mwanga, hata macho hayaonekani. Lakini kuna mahali unapovuka, na hapo unampaka krimu ya kujichubua bila kumuuliza. Hiki kipimo cha ngozi "sawa" kina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu.

Sasa, kuna atakayesema: wacha siasa, kila picha huchagua. Kweli. Tena watu wetu wamejitenganisha na mahali pao kwa furaha. Miaka ya 1990, wapiga picha wa karibu na feri ya Likoni, Mombasa, walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa na mapambo, na watu walilipa ili wasimame mbele yake. Ni mchezo uleule wa maski. Tofauti ni kwamba mwenye sura ndiye aliyejipeleka pale, akaona kilicho nyuma yake, akatoa pesa yake. Mama mboga wetu hayupo chumbani ninapombofya. Video ilipigwa wiki tatu zilizopita na yeye ameshauza nyanya zingine.

Basi nimejiwekea kanuni ndogo: kabla ya kumtoa mtu mahali pake, namtafuta aliyepiga video amwonyeshe mwenyewe. Haiwezekani kila mara, lakini simu ipo, na klipu ya sekunde tano haili data nyingi. Mama mmoja alitumiwa matoleo mawili. Nilidhani atachagua lile ambalo sikugusa kitu. Wapi! Alitaka uso ung'ae kidogo, lakini kibanda kisiguswe, "manake hao wakiona hivyo watadhani mboga zangu zimelala." Mteja alinung'unika, kisha akakubali.

Hapo ndipo nilipo. Kumng'arisha mtu si dhambi, na kuacha kila kitu kilivyo si utakatifu. Kinacholeta uzito ni kama mwenye uso alikuwa na neno. Na bado sijui nifanyeje kuhusu wale wengine: kijana wa boda anayepita, mtoto aliyekaa juu ya kreti. Maski ikimchagua mama, wao wanaingia gizani pamoja na ukuta, na hao hakuna aliyechukua namba zao.