Nani Alipe Gharama ya Kujifunza?



Wahenga walisema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii tuliifundisha kwa miaka mingi darasani, na wengi wetu twaipenda kwa kuwa yatupa nafuu. Hata hivyo imeacha swali moja bila jibu. Lile kosa la kwanza, ambalo yasemekana si kosa, nani hulilipa?

Swali hili limetujia uzeeni kwa njia ambayo hatukuitazamia, yaani kwa kompyuta. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliporudi Moshi mwezi wa Desemba 2019, baada ya kukosekana kwa miaka mingi, mjukuu wetu alikuwa bado mdogo sana. Baadaye akapandishwa treni hiyo na mama yake, na tangu siku ile hataki kusikia kazi nyingine ila udereva wa treni. Sasa yuko darasa la sita. Likizo iliyopita mama yake alituachia kompyuta yake ya zamani, akatuomba tumwekee kijana programu ya kuigiza uendeshaji wa treni. Programu ya namna hii huonyesha reli, stesheni, milima na ishara katika kioo cha kompyuta. Mtoto hushika nafasi ya dereva, akaongeza mwendo, akafunga breki, akasimama stesheni au akaipita kwa aibu.

Tulichagua programu iitwayo Open Rails. Ilianza kutengenezwa mwaka 2009 na watu wanaojitolea. Hutolewa bure, na masharti yake humruhusu kila mtu kuinakili, jambo lililotupa amani, maana hatukutaka mtoto aanze udereva wake kwa kitu cha wizi. Programu hiyo husoma njia za reli na treni zilizotengenezwa kwa mfano wa programu ya zamani, Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Kwa hiyo kazi ni mbili: kwanza kuisakinisha programu, pili kuionyesha mahali zilipowekwa njia na treni hizo.

Siku ya kwanza ilikataa kabisa kufunguka, mpaka tulipoongeza sehemu ya Windows iliyokuwa inapungua. Siku ya pili ilifunguka, lakini orodha ya njia za reli ilikuwa tupu. Tukaifuta programu, tukaisakinisha tena. Tupu. Tukahamisha mafaili, tukabadilisha majina, tukagusa mipangilio ya picha, yote kwa mkupuo mmoja. Bado tupu. Sisi tuliofundisha Sayansi miaka yote ile, tukiwaambia watoto kwamba katika jaribio hubadilishwa jambo moja tu kwa wakati, tulibadilisha mambo manne pamoja, hata kama ingekubali tusingejua ni kwa sababu gani.

Jioni ile tulimgeukia mtoto. Tulimwambia, "Wewe umefuta kitu humu." Akajibu, "Bibi, sijagusa." Tukarudia kwa sauti ya mwalimu, ile ambayo haistaafu pamoja na mwenyewe, na tukamwamuru akae mbali na kompyuta. Akaenda nje, akaketi peke yake chini ya migomba, wala hakulia.

Usiku, alipokwisha kulala, tulisoma mwongozo pole pole kama ilivyotupasa kufanya tangu mwanzo. Mwongozo wataka programu ionyeshwe folda ile inayobeba ndani yake folda za GLOBAL, ROUTES na TRAINS. Sisi tulikuwa tumeingia hatua moja zaidi, tukaonyesha ROUTES yenyewe. Ni kama kumwelekeza mgeni chumbani badala ya kumwonyesha nyumba. Tulirekebisha kwa nusu dakika, na orodha ikajaa. Mtoto hakuwa amegusa kitu.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojaribiwa. Ilikuwa rahisi kusema asubuhi, "Haya, imekubali sasa," na mtoto angefurahi, na kosa lingezikwa. Tulikaa mbele ya kile kioo muda mrefu, kwa sababu tuliijua njia hiyo. Tulikwisha kuipita.

Mwaka 1982 tulikuwa mwanachuo wa ualimu, tukapelekwa katika shule moja ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Siku moja tuliwapa watoto wa darasa la nne hesabu ya treni: iliondoka Moshi saa 10 jioni, ikafika Same saa 2 usiku, je, ilisafiri kwa saa ngapi? Katika andalio letu la somo tulikuwa tumetoa 2 katika 10, tukaandika saa 8. Mtoto mmoja alinyosha mkono, akasema saa 4. Tulimwambia amekosa. Akasimama tena, akasema kwa adabu, "Mwalimu, ni saa nne." Tuliona ni ujeuri. Tulimpiga viboko viwili mbele ya wenzake, tukaandika 8 ubaoni, na darasa zima likanakili uongo wetu.

Usiku tukaliona kosa. Msomaji naye ahesabu kwa vidole: saa 10, 11, 12, 1, 2. Ni saa 4, kama mtoto alivyosema. Lakini kesho yake mkufunzi wetu alikuwa anakuja kutupima, na kukiri mbele yake kungetupunguzia alama. Tukanyamaza. Tulifundisha somo jingine, tukapata alama nzuri. Mpaka mazoezi yalipokwisha mtoto yule hakunyosha mkono tena. Hatukumwona tangu hapo. Kama yu hai, ni mtu mzima mwenye miaka zaidi ya hamsini.

Basi twaweza kuliuliza swali letu wazi. Sisi tulijifunza ualimu. Ada yake aliilipa nani?

Mwaka 1929 huko Marekani, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitengeneza ndege bandia isiyoruka, iliyoyumbishwa kwa mivukuto kama ile inayopuliza vinanda vya kanisani. Kwanza ilipata wateja katika viwanja vya starehe, kama kitu cha kuchezea. Mwaka 1934 jeshi la nchi hiyo lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa kwa kuruka katika hewa mbaya. Mwaka huo huo jeshi likanunua mashine 6 za Link. Wakati huo watu walikuwa wametambua kwamba rubani asiyejua lazima akosee mahali fulani, na kwamba ni heri akosee ndani ya sanduku lililofungwa chini kuliko angani.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba programu hizi ni upuuzi wa watoto. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, imejengewa reli ya mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo abiria hawawezi kuwa ubao wa dereva wa kujifunzia. Kila kosa linaloweza kufanyiwa mahali pasipoumia mtu, ni wajibu wetu kulifanyia hapo.

Lakini tumeona na hatari yake. Wiki ile ile mjukuu wetu alishuka mlima kwa kasi, akachelewa kufunga breki, treni ikamshinda kuizuia. Akacheka. Akabonyeza, akaanza upya. Hatukumgombeza, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Tulimweleza tu habari ya tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma. Treni ya abiria ilishindwa mlimani, ikarudi nyuma bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mtoto aliuliza, "Bibi, dereva hakuweza kuanza upya?" Tulimjibu kwamba hakuna aliyeweza.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo yatupasa kuwafundisha watoto, na kujifundisha wenyewe. Katika mchezo, kitufe cha kuanza upya kiko mkononi mwa aliyekosa. Katika maisha kiko mkononi mwa aliyekosewa. Mimi niliyekosa siwezi kujitangazia kwamba sasa tumeanza upya. Naweza tu kwenda kwake, nikasema nilichofanya, na kungoja. Kosa letu wengi, walimu, wazazi, na hata wazee wa kanisa, ni kwamba tumekibonyeza kitufe kisicho chetu. Tumenyamaza, tukafungua ukurasa mpya, tukajiita tumesamehewa.

Mtu aweza kupinga, naye atakuwa na haki, kwamba si kila kazi ina mashine ya kuigizia. Mama hujifunza malezi kwa mtoto wake wa kwanza. Mwalimu kijana, hata akikwisha kufundisha wanachuo wenzake kwa mazoezi, siku moja lazima asimame mbele ya watoto wenyewe. Ni kweli. Kungoja mpaka mtu awe mkamilifu ndipo afanye kazi, ni kuacha watoto bila walimu. Lakini ukweli huu hautuondolei deni, bali watuonyesha kwamba deni lipo. Ikiwa tumejifunza kwa gharama ya mtu mwingine, kwa lazima au kwa uzembe, basi tu wadeni wake, na mdeni mwaminifu hajifanyi hakukopa.

Kompyuta yenyewe ilitupa mfano. Baadaye treni yetu ilitokea na mabehewa mawili pungufu. Programu hii kila inapoendeshwa huandika kumbukumbu katika faili liitwalo OpenRailsLog.txt. Tulipolifungua tulikuta majina ya mabehewa yaliyokosekana, yametajwa moja moja. Mashine haina kiburi. Hutaja upungufu wake bila kungoja kubanwa. Twafikiri ingetufaa sana kuwa na daftari la namna hiyo nyumbani na kazini. Jumapili twaungama kwa pamoja, kwa neno "sisi", na ni vema. Lakini yule mtoto wa darasa la nne hakukosewa na "sisi". Alikosewa na mwalimu mmoja, kwa hesabu moja, na viboko viwili.

Asubuhi tulimwita mjukuu wetu kabla ya chai. Tulimwambia, "Bibi ndiye aliyekosea folda. Wewe hukugusa kitu, nawe ulisema kweli. Nisamehe." Alitutazama kidogo, kana kwamba anahakikisha, kisha akasema, "Haya, Bibi. Tuwashe sasa?" Tukawasha. Msamaha wake ulichukua nusu dakika, kama marekebisho ya folda. Lakini hatukuwa na haki ya kujua mapema kwamba ungekuwa mwepesi hivyo, wala wepesi wake haukuwa sababu ya kutouomba.

Kwa yule mwingine tumechelewa zaidi ya miaka arobaini. Hatuwezi kumtaja jina hapa, wala hatujui aliko. Tulifanyalo ni dogo: tumeandika kosa letu wazi, mbele ya watu, kama alivyopigwa mbele ya watu. Ikiwa gazeti hili litafika mikononi mwake, na akaikumbuka ile treni ya Moshi hadi Same, ajue kwamba jibu lake lilikuwa sahihi, na kwamba mwalimu wake alilijua usiku ule ule.

Nanyi wapendwa, kabla ya kusema kwamba kosa la kwanza si kosa, ulizeni kwanza nani alililipa. Ikiwa yu karibu nanyi, nendeni kwake wiki hii.