Saa ya marehemu baba na upande usioonekana



Marehemu baba yangu aliniachia saa moja ya mkononi, ya kutia ufunguo. Ni ile saa ya heshima ambayo wazee wetu waliivaa Ijumaa, siku ya Idi na harusini: nyembamba kiasi cha kujificha chini ya mkono wa kanzu, uso mweupe, akrabu mbili, basi. Haina tarehe wala mbwembwe. Ni ya chuma kisichoshika kutu. Ya dhahabu aliikataa, kwa kuwa Mtume (SAW) ameikataza dhahabu kwa wanaume wa umma wake.

Ilipoanza kuchelewa niliipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Kariakoo. Akafungua mfuniko wa nyuma, akanipa lenzi yake ya jichoni. "Tazama mwenyewe, sheikh."

Nikatazama. Springi iliyoviringishwa ndani ya kikopo chake ndiyo inayotoa nguvu. Nguvu hiyo hupita kwenye magurudumu yenye meno mpaka kufika kwenye gurudumu dogo linalocheza huku na huko. Fundi akanifahamisha kuwa hilo hupiga mara 5 kila sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa, na mara 432,000 kwa siku moja. Ncha za mhimili wake zimekaa kwenye vijiwe vya yakuti ili chuma kisilike. Betri hakuna. Usipoitia ufunguo, baada ya siku moja na nusu hivi inasimama.

Lakini si hayo yaliyonishangaza. Vibao vya chuma vya ndani vilikuwa vimechorwa mistari laini, na kingo zake zimekatwa mshazari na kung'arishwa kama kioo. Nikamuuliza: "Mzee, mapambo haya ya nini, na mfuniko wenyewe ni chuma kitupu? Nani atayaona?"

Akajibu: "Fundi mwenzake tu, tena akifungua."

Baba aliivaa saa ile zaidi ya miaka 30. Hakuwahi kuyaona.

Baadaye nilisoma kuwa jambo hili kwa mafundi wa Uswisi ni la kawaida. Jijini Geneva upo muhuri rasmi wa saa ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1886, na masharti yake ya leo yanagusa hata namna ya kung'arisha kingo za vyuma vya ndani. Mtu anakaa siku nzima na kijiti na unga wa kusugulia, akisafisha mahali ambapo mnunuzi huenda asipaone maisha yake yote.

Ndugu zangu, sisi jambo hilo tunalo jina lake. Tunaliita ihsani. Katika Hadithi ya Jibril, aliyoisimulia Umar bin Khattab (RA), Mtume (SAW) alifundisha kuwa ihsani ni kumwabudu Allah kama vile unamwona; na kama humwoni, ujue Yeye anakuona. Fundi yule hufanya hivyo kwa ajili ya fundi mwenzake. Sisi tunaoamini kuwa tunaonwa na Mola wetu, hali yetu ikoje?

Niseme yangu kabla sijasema ya watu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti wa mtaani kwetu Temeke. Mwaka jana tulichangisha fedha, tukakaa kikao, tukaamua kuweka marumaru ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Wakati huo ustadhi wa madrasa alikuwa hajapewa posho yake miezi minne. Jambo hilo lilitajwa kikaoni. Nami nilinyoosha mkono kuunga mkono marumaru.

Siku mbili baada ya kutoka kwa fundi, nikaenda madrasa baada ya Alasiri. Ndipo nilipojua kuwa ustadhi anakuja kwa miguu kutoka Mbagala, maana nauli hana. Watoto hawajui. Darasa linaanza wakati ule ule, na kila mtoto anasahihishwa herufi zake moja moja. Ihsani niliyoistaajabia kwenye saa ya Uswisi, kumbe imekaa juu ya mkeka nyuma ya msikiti wetu, na mimi nimeinyima nauli.

Hadi naandika haya, posho ya miezi miwili imelipwa. Miwili bado. Marumaru yako ukutani, yanang'aa.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii ukishatoka swalani, zunguka nyuma ya msikiti wako. Tazama mahali pa kutawadhia. Muulize ustadhi, faraghani, mara ya mwisho amelipwa lini.

Tukumbuke kuwa katika Qur'an neno "Saa" ndilo jina la Kiyama. Na Surat At-Tariq inatuonya kuwa siku hiyo siri zitafichuliwa. Huko ndiko kufunguliwa kwa mfuniko wa nyuma, na atakayetazama ndani si fundi wa Kariakoo.

Allah atujaalie ikhlasi katika yanayoonekana na yasiyoonekana, na amrehemu baba yangu na wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.