Je, Yafaa Kuzitamani Siku za Kale?

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo zaonekana kupingana. Moja yasema, Ya kale ni dhahabu. Ya pili yasema, Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi tushike ipi? Swali hili lilitujia tulipokuwa tukizitazama picha za zamani za magari ya moshi, na za maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika katika mji wa New York, Marekani, miaka ya 1939 na 1940. Tulizitazama kwa muda mrefu, na mioyo yetu ikashikwa na hamu ya siku ambazo sisi wenyewe hatukuziishi. Ndipo tukajiuliza kama hamu hiyo ni njema.

Kwanza tuseme yaliyomo katika picha hizo. Maonyesho yalifunguliwa tarehe 30 Aprili 1939, mahali paitwapo Flushing Meadows, ambapo zamani palikuwa jaa la majivu ya mji. Jambo kuu lililotangazwa ni dunia ya kesho. Katikati ulisimama mnara mweupe uliochongoka, na kando yake tufe kubwa jeupe, ambalo watu waliingia ndani yake. Watu kama milioni 45 walikuja kutazama. Na upande wa mambo ya reli palikuwa na injini ya mvuke ya kampuni ya reli ya Pennsylvania, namba 6100, yenye urefu wa futi 140 pamoja na gari lake la makaa. Raymond Loewy ndiye aliyelibuni umbo lake, akalifanya laini kama mwili wa samaki. Injini hiyo iliwekwa juu ya vigurudumu vya chuma vilivyofungwa chini, na magurudumu yake yakazunguka kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, lakini yenyewe haikwenda hata hatua moja.

Uzuri huo si uongo. Walioibuni na kuiunda injini ile walikuwa mafundi wa kweli, na kuusifu ustadi ni haki. Tena twawaona katika picha watu waliovaa mavazi yao mazuri, wakicheka, wakiamini ya kuwa kesho itakuwa njema kuliko leo. Nadhani zetu, ni tumaini hilo tunalolitamani hasa, kuliko chuma na moshi.

Walakini picha hukamata dakika moja tu, wala haiwaonyeshi waliosimama nje ya ukingo wake. Chekoslovakia ilikuwa imekwisha kutwaliwa na Wajerumani mwezi wa Machi 1939. Nyumba yake ya maonyesho ikafunguliwa hali nchi yenyewe imevunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule Polandi nayo ikashambuliwa. Maonyesho yalipofungwa mwezi wa Oktoba 1940, mnara na tufe vilibomolewa, na chuma chake kikaenda katika kazi za vita.

Na magari ya moshi je? Katika majimbo ya kusini ya Marekani sheria iliwatenga watu weusi katika mabehewa yao, na Mahakama Kuu ilikuwa imeikubali sheria ya namna hiyo tangu mwaka wa 1896. Watumishi weusi waliotandika vitanda katika mabehewa ya kulala ya Pullman, wasafiri wengi waliwaita wote “George”, kwa jina la George Pullman mwenye kampuni, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Watumishi hao walianzisha chama chao mwaka wa 1925, wakiongozwa na A. Philip Randolph, wakashindana miaka 12 hata kampuni ikatia sahihi mapatano nao mwaka wa 1937. Basi mtu akisema, Laiti siku zile zingerudi, na tumwulize: zirudi kwa nani?

Je, tuzitupe picha hizo? Hasha! Augusta Savage, mwanamke mweusi aliyekuwa mchongaji, alipewa kazi ya kufanya sanamu kwa ajili ya maonyesho hayo. Akafanya kinubi chenye urefu wa futi 16, na nyuzi zake zilikuwa waimbaji weusi waliosimama kwa safu. Kilifanywa kwa plasta. Maonyesho yalipokwisha hapakuwa na fedha za kukisubu kwa shaba, kikavunjwa. Leo twakijua kwa picha na kwa mifano midogo iliyobaki. Injini namba 6100 nayo ilikatwakatwa kuwa vyuma vikuukuu mwaka wa 1949. Kama picha zisingalikuwako, ni nani angaliishuhudia kazi ya mikono ile?

Hapo twaona ya kuwa hamu ni ya namna mbili. Iko hamu iliyo kama injini ile juu ya vigurudumu vyake: yanguruma, yala makaa na maji, na mtu adhani yu safarini, kumbe yupo palepale. Hamu hiyo huchagua iyapendayo, huyafuta machozi ya wengine, tena humfanya mtu awadharau jirani zake walio hai kwa ajili ya wafu asiowajua. Na iko hamu iliyo shahidi. Hiyo hushukuru kwa lililokuwa jema, huwatafuta waliofichwa, huuliza ni ahadi gani haikutimizwa, kisha hutwaa jembe.

Basi, ndugu, mkilifungua sanduku la picha nyumbani mwenu, msizipite upesi. Waulizeni wazee majina ya waliomo, na ya wale wasioonekana: ni nani aliyepika chakula cha karamu ile, ni nani aliyeachwa mlangoni. Yaandikeni majina hayo nyuma ya picha, kabla wenye kuyajua hawajaondoka. Ndipo ya kale yatakuwa dhahabu kweli, nasi tutajua la kuganga katika yajayo.