Upanga wa Mtawala na Damu ya Kasese: Imani ya Kikristo Mbele ya Adhabu ya Kifo

Mjadala wa Kikristo kuhusu adhabu ya kifo, yaani adhabu ambayo dola humwondolea mtu uhai baada ya mahakama kumtia hatiani, kwa kawaida huendeshwa kwa kupambanisha maandiko mawili: sura ya tisa ya Mwanzo, ambamo Mungu anamwagiza Nuhu kwamba uhai wa muuaji utadaiwa na wanadamu wenzake, na sura ya nane ya Injili ya Yohana, ambamo washtaki wa mwanamke aliyestahili kupigwa mawe kwa mujibu wa torati wanaondoka mmoja mmoja. Mjadala wa namna hiyo humchunguza sana mkosaji na kumsahau yule aliyeshika upanga. Wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, na hasa Bwera na Mpondwe, ambako Uganda inapakana na Kongo, haiwezekani kumsahau, kwa kuwa katika muda usiotimia miaka saba wakazi wa huko walishuhudia watu wao wakiuawa kwanza na askari waliotumwa na serikali, kisha na waasi waliotoka msituni.

Ni vyema kuanza na waasi, maana hapo ndipo hoja ya kitanzi ina nguvu zaidi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF, kundi lililoanza kuishambulia Uganda kutoka upande wa Kongo katika miaka ya 1990 na ambalo baadaye lilijifungamanisha na Dola la Kiislamu, waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha mjini Mpondwe, shule isiyofika hata kilomita mbili kutoka mpakani. Bweni la wavulana lilichomwa moto wenyewe wakiwa ndani, wasichana walikatwa kwa mapanga, na wanafunzi wengine walichukuliwa mateka kuelekea msitu wa Virunga. Waliokufa, wengi wao wanafunzi, walizidi 40. Wazee wa eneo hilo hawakuhitaji kukumbushwa kwamba kundi lilelile lilikuwa limeingia kwa kupitia Mpondwe mnamo Novemba 1996, wala kwamba mwezi Juni 1998 lilichoma wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, upande wa Kabarole, kwa namna inayofanana mno na hiyo.

Mbele ya msiba wa kiasi hicho, Mkristo anayesema kwamba muuaji asiuawe anadaiwa maelezo, na hana haki ya kuyatoa kwa haraka. Agizo alilopewa Nuhu halitokani na hasira. Linatoa sababu yake palepale, nayo ni kwamba mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo kumuua ni kuinua mkono dhidi ya sura ya Muumba. Kwa maana hiyo, andiko hilo linasimama upande wa mtoto wa Lhubiriha kabla halijasimama dhidi ya muuaji wake: linakataa damu ya maskini isilipwe kwa faini ya mbuzi na ng'ombe, na linakataa kifo chake kihesabiwe kama hasara ya kawaida ya watu wa mpakani. Wapinzani wengi wa adhabu ya kifo huliruka andiko hilo kana kwamba ni mabaki ya zama za giza, na kwa kufanya hivyo huwaachia waliofiwa picha ya Mungu asiyejali. Huruma inayotangazwa na mtu ambaye hakuzika ni rahisi mno, na wazazi wa Bwera wana haki ya kuitilia shaka.

Hata hivyo, kukubali kwamba muuaji anastahili kufa hakujibu swali la pili, ambalo ni gumu zaidi, yaani nani amepewa mamlaka ya kumuua, naye ana mikono ya namna gani. Jibu la kimapokeo linatoka katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambamo Mtume Paulo anamtaja mtawala kuwa mtumishi wa Mungu ambaye hakupewa upanga bure. Kwa msingi huo Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba mwenye kutunza jamii anaweza kumwondoa mhalifu hatari kama mganga anavyokata kiungo kilichooza ili mwili upone. Hoja hiyo ina sharti ambalo halisemwi kwa sauti: kwamba mganga mwenyewe si mgonjwa wa maradhi yaleyale. Paulo aliandika maneno yake wakati Nero akiwa kaisari, na mapokeo ya Kanisa yanashikilia kwamba hatimaye aliuawa mjini Roma kwa upanga wa dola hiyohiyo. Wafasiri wanaoutumia waraka wake kama hati ya kumkabidhi kila mtawala kitanzi hawana budi kueleza jambo hilo.

Sharti hilo ndilo linalovunjika Kasese. Tarehe 26 Novemba 2016 palitokea mapigano kati ya polisi na walinzi wa Ufalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo ambao serikali iliutambua rasmi mwaka 2009, na askari polisi kadhaa waliuawa. Siku iliyofuata jeshi na polisi walivamia ikulu ya mfalme mjini Kasese, na kufikia mwisho watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa, wakiwemo watoto. Mfalme Charles Wesley Mumbere alikamatwa na kushtakiwa pamoja na wafuasi wake karibu 200 kwa makosa ya mauaji, ugaidi na uhaini, ambayo kwa sheria ya Uganda yanaweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kwa zaidi ya miaka sita walionusurika ndani ya ikulu iliyoteketea waliishi chini ya kivuli cha adhabu hiyo, ilhali hakuna hata afisa mmoja wa jeshi aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya waliokufa. Mwezi Juni 2023 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliyafuta mashtaka hayo, na siku chache tu baadaye Lhubiriha ikaungua. Ratiba hiyo ya matukio haikupangwa na mwanadamu yeyote, lakini inamlazimisha Mkristo wa Kasese kuyaweka mambo mawili pamoja: dola inayoombwa iwanyonge wauaji wa watoto wa Mpondwe ndiyo iliyokuwa tayari kuwashtaki kwa makosa ya kifo watu ambao mwishowe iliwaacha huru, na ndiyo iliyoacha vifo vya ikulu bila hesabu.

Historia ya eneo hilo inaonyesha kwamba hali hii haikuanza jana. Karibu na mwaka 1919 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza upinzani wa Wakonzo dhidi ya utawala wa ufalme wa Toro uliotegemezwa na Waingereza. Mwaka 1921 waliuawa Kagando kwa amri ya serikali ya kikoloni. Machoni pa waliotoa hukumu walikuwa wahalifu waliovuruga amani. Machoni pa wajukuu zao ni mashujaa, na harakati ya Rwenzururu iliyotangaza ufalme wake mwaka 1962 chini ya Isaya Mukirania ilijihesabu kuwa mrithi wao. Kagando hiyohiyo leo inajulikana zaidi kwa hospitali ya misheni iliyo chini ya Kanisa la Uganda, dayosisi ya South Rwenzori. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hukumu ya kifo, tofauti na adhabu nyingine zote, haiachi nafasi ya dola kubadilisha maoni yake: Mumbere, mwana wa Mukirania, alishtakiwa naye akaachiwa akiwa hai, jambo ambalo wale watatu wa Kagando hawakulipata.

Sheria ya Uganda yenyewe imekuwa ikisogea, ingawa kwa kusitasita. Kifungu cha 22 cha Katiba ya mwaka 1995 kinaruhusu mtu kunyimwa uhai endapo tu hukumu imetolewa baada ya kesi ya haki na kuthibitishwa na mahakama ya juu kabisa ya rufaa. Katika kesi iliyofunguliwa na Susan Kigula na wafungwa wenzake 417 waliokuwa wakisubiri kunyongwa, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 21 Januari 2009 kwamba sheria haiwezi kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kusikiliza utetezi kuhusu adhabu, na kwamba anayekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri kitanzi baada ya rufaa yake ya mwisho hubadilishiwa hukumu kuwa kifungo cha maisha. Adhabu yenyewe, hata hivyo, haikufutwa. Raia hawajanyongwa tangu tarehe 28 Aprili 1999, siku ambayo watu 28 waliuawa katika gereza la Luzira. Humo gerezani alikuwamo wakati huo Edmary Mpagi, aliyehukumiwa kifo mwaka 1982 kwa mauaji ya mtu ambaye baadaye ilithibitika kuwa yu hai. Aliachiwa mwaka 2000, ilhali binamu yake, aliyehukumiwa pamoja naye, alikuwa amekwisha kufia gerezani.

Ukimya huo wa kitanzi una uhusiano na imani, japo kwa njia isiyo nyoofu. Mwezi Januari 2018 Rais Museveni alieleza hadharani kwamba malezi yake ya Kikristo ndiyo yaliyomfanya asiidhinishe kunyongwa kwa waliohukumiwa, akaongeza kwamba upole huo unawapa wahalifu kiburi na kwamba huenda akaidhinisha wachache. Maelezo hayo, yaliyotolewa na kiongozi ambaye chini ya utawala wake wale 28 walinyongwa, yanaonyesha ubaya wa kuuegemeza uhai wa watu kwenye dhamiri ya mtu mmoja, hata kama dhamiri hiyo imelelewa kanisani. Makanisa nayo hayajasema kwa sauti moja wala kwa mfululizo. Kanisa Katoliki lilibadilisha Katekisimu yake, yaani kitabu rasmi cha mafundisho, mwezi Agosti 2018, Papa Fransisko akitamka kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe. Askofu Mkuu Stephen Kaziimba wa Kanisa la Uganda aliipinga adhabu hiyo mwaka 2023, lakini ndani ya tamko ambalo kwa ujumla lilishangilia sheria kali dhidi ya ushoga. Ushuhuda unaosikika pindi tu sheria inapopitishwa, kisha ukanyamaza, hauwezi kuzaa fundisho.

Tukio lililopaswa kulizaa lilitokea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Tarehe 21 Machi 2002 Padri Declan O'Toole, mmisionari wa shirika la Mill Hill kutoka Ireland, aliuawa pamoja na wenzake wawili. Siku nne baadaye askari wawili wa jeshi la Uganda, waliohukumiwa na mahakama ya kijeshi papo hapo, walipigwa risasi hadharani mjini Kotido. Siku nne hazitoshi kukata rufaa, wala kuuliza kama kulikuwa na mtu mwingine nyuma ya mauaji hayo, na waliokufa walikwenda na majibu yao.

Kanisa la Afrika lilikuwa limekwisha kulijadili jambo hilo miaka elfu moja na mia sita nyuma yake. Karibu na mwaka 412, watu wa kundi la Donato, waliokuwa wamejitenga na Kanisa Katoliki katika Afrika ya Kaskazini, walimuua padri mmoja na kumtoboa jicho na kumkata kidole mwingine. Walipokiri, Agostino, askofu wa Hippo, alimwandikia Marcellinus, mjumbe wa kaisari aliyesimamia kesi, akimsihi asiwaue wala kuwakata viungo. Agostino hakudai kwamba hawana hatia, wala hakuunyima utawala mamlaka ya upanga. Alichokataa ni mateso ya watumishi wa Mungu kuheshimiwa kwa kuwatesa wengine vivyo hivyo, na alitaka wakosaji wapewe kazi na muda wa kutubu. Mwaka 413 Marcellinus mwenyewe, akisingiziwa kushiriki uasi, aliuawa kwa amri ya dola aliyoitumikia. Hoja ya Agostino inafaa Bwera kuliko hoja nyingi za kisasa kwa sababu inakubali yote mawili ambayo waliofiwa wanayajua: kwamba uovu ni uovu, na kwamba hakimu wa leo anaweza kuwa mshtakiwa wa kesho.

Ipo pia hoja ya kawaida zaidi, ya nani hasa atafikiwa na kitanzi. Makamanda wa ADF wako msituni upande wa pili wa mpaka, na wanaokamatwa mara nyingi ni vijana, baadhi yao waliotekwa wakiwa wadogo kama wale waliochukuliwa Lhubiriha. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo viongozi wa dini wa kaskazini mwa Uganda waliipigania, ilimpa hati mwasi aliyeweka silaha chini, na waliokuwa ADF wamo miongoni mwa walionufaika. Dola hiyohiyo basi husamehe kwa mkono mmoja na kutishia kunyonga kwa mwingine, na tofauti ya hatima mara nyingi hutokana na siku na namna mtu alivyopatikana. Mwezi Oktoba 2024 Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi la LRA aliyetekwa akiwa mtoto, alihukumiwa kifungo cha miaka 40, majaji wakizingatia utoto wake ulioporwa na majuto yake.

Miaka 40 ya mfungwa ni miaka 40 ya kazi kwa mtu mwingine, na hapa ndipo makanisa ya Kasese, jimbo Katoliki lililoanzishwa mwaka 1989 na dayosisi ya South Rwenzori iliyoanzishwa 1984, yanapopaswa kudaiwa. Kanisa linaloiomba serikali isiue limejitwika pande zote mbili: kumwendea mfungwa gerezani hata asipotubu, na kuwalipia karo wadogo wa waliochomwa Mpondwe, kuwasimamia wazazi wao mbele ya ofisi za serikali, na kuendelea kudai uchunguzi wa vifo vya ikulu. Padri au mchungaji anayefanya la kwanza na kuliacha la pili atasikika Bwera kama wakili wa wauaji, na lawama hiyo haitakuwa ya uonevu.